Vipimo vya kurudi uwanjani katika kliniki moja ya fiziotherapia Dar es Salaam

Nilimsindikiza beki wetu wa kulia, aliyefanyiwa upasuaji wa kano ya mbele ya goti, kwenda kupimwa kama yuko tayari kurudi mchezoni, na ninaandika kwa ajili ya makocha na wazazi wanaofikiria kulipia huduma hii. Mapokezi ni mazuri, bei inatajwa mapema, na mazoezi ya tiba yanasimamiwa kwa umakini mkubwa.

Vipimo vyenyewe ni vile vinne vinavyotumika duniani: kuruka mara moja kwa mguu mmoja, kuruka mara tatu mfululizo, kuruka mara tatu kwa kuvukavuka mstari, na kuruka mita 6 kwa kuhesabiwa muda. Matokeo ya mguu ulioumia hulinganishwa na ya mguu mzima, na anayefikisha asilimia 90 huhesabiwa amefaulu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wagonjwa wa upasuaji huohuo ulionyesha kuwa vipimo hivi vinaaminika, ila tofauti ya asilimia 7 hadi 13, kutegemea kipimo, inaweza kuletwa na upimaji wenyewe. Hiyo ni pale vinapofanywa kwa utaratibu mmoja.

Hapa utaratibu ulilegea. Mchezaji hakupewa miruko ya majaribio, na nilimwona msaidizi akivuta futi hadi kisigino katika mruko mmoja, kisha hadi ncha ya kiatu katika mruko uliofuata. Kwa mtu anayeruka sentimita 150, kiatu cha sentimita 27 peke yake ni asilimia 18, na bado ripoti ikaandika kwa uhakika kuwa amefikia asilimia 91. Nguvu ya msuli wa mbele wa paja haikupimwa kabisa, ilhali mchezaji anaweza kuruka mbali kwa kutegemea nyonga huku goti likiwa bado dhaifu. Tena mguu mzima nao hupungua nguvu katika miezi ya kukaa nje, hivyo kuufanya kigezo pekee kunampendelea mgonjwa.

Niliomba arudiwe kupimwa na mtu yuleyule, baada ya kupasha misuli, na mtaalamu mkuu alikubali bila malipo ya ziada, jambo ninalomshukuru kwalo. Kwa mazoezi ya tiba ninaipendekeza kliniki hii. Kwa cheti cha kurudi uwanjani, dai kwanza uoneshwe umbali wa kila mruko na jinsi ulivyopimwa.