Doki ya kunakili diski: naipenda, lakini imenikera

Haya wadau, kabla hata ya salamu, ngoja nisogeze kamera hapa kwenye doki, hiki kisanduku cha kunakili diski. Mnaona nini? Hakuna kitu, siyo? Basi hapo pameandikwa A, na hapa B. Plastiki nyeusi, herufi nyeusi! Aliyeibuni sijui alikuwa amefumba macho.

Unachomeka diski ya zamani na mpya, unabonyeza kitufe, kila kitu kinahama bila kompyuta. A inanyonywa, B inajazwa. Ukizigeuza, utupu wa diski mpya ndio unaohamia kwenye picha zako za harusi. Na haikuulizi mara mbili, haina hata kioo.

Sasa tazameni dawa yangu. Rangi ya kucha. Nyekundu, tone moja kwenye A. Nimemchukulia mke wangu, msimwambie. Naleta diski kuukuu... nyekundu. SSD, ile diski mpya... huku kwingine. Nawasha swichi ya nyuma. Nashikilia kitufe mpaka taa zote nne ziwake, naachia, nabonyeza tena. Mmesikia ile krrr? Mzee bado ana pumzi! Taa ya kwanza ikitulia, robo imekwenda. Diski ya TB 1, kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde, inakula karibu masaa matatu. Nendeni mkapike. Halafu B isiwe ndogo kuliko A, hata kama ndani una GB 50 tu, itagoma.

Mnaniuliza sana kuhusu ule waya wa bei poa, wa kuunganisha diski na USB ya kompyuta. Kwa diski ya laptop, sawa, chukua. Ile kubwa ya desktop inataka volti 12, na USB ya kawaida inatoa 5. Utabaki unausikiliza ukimya. Doki hii nilitajiwa laki na ishirini pale Kariakoo, nikazunguka, nikarudi, nikatoa tisini.

Ukiitia hiyo SSD kwenye mashine mpya, ikagoma kuwaka, doki msiitukane. Inanakili kila kitu kama kilivyo, pamoja na uzee wake. Diski ya enzi zile mara nyingi ni MBR, mpangilio wa zamani wa kugawa diski, na mashine mpya ya UEFI, yaani yenye mfumo mpya wa kuwasha kompyuta, inataka GPT, mpangilio mpya. Ndani ya Windows 10 mna kifaa kinaitwa mbr2gpt, kinageuza bila kufuta. Skrini ya bluu ikija na INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, na mashine ni ya Intel, ingia BIOS, ile mipangilio ya kabla Windows haijaanza, uangalie kama VMD, kidhibiti cha diski cha Intel, imewashwa. Na kama diski ilifungwa kwa BitLocker, lile kufuli la Windows, ule ufunguo wa tarakimu 48 utafute leo, mashine ya zamani ikiwa bado inawaka.

Ningeinunua tena? Ndiyo... Hapana, subiri, wakiipaka rangi hizi herufi, ndiyo. Aa, hata hivi hivi ningeinunua.

Oo, taa ya kwanza imetulia. Na mlango umelia. Ngoja nikairudishe rangi ya watu.