Somo la kipilefti katika shule ya udereva: limenifaa, ila lina pengo

Leseni nilikuwa nayo tayari. Nilichokwenda kutafuta ni somo la kipilefti peke yake, kwa sababu hapo ndipo naona hata madereva wazoefu wakiingia kwa kubahatisha, na mimi sikubali kubahatisha nikiwa na watoto kiti cha nyuma. Shule sitaitaja. Nitaeleza somo lenyewe.

Mwalimu hakuwasha gari kwanza. Tulisimama pembeni, tukatazama. Kila gari likikaribia ananiuliza, "Dada, huyu ataingia au atasubiri? Umejuaje?" Taratibu nikaanza kuona kwamba matairi ya mbele na mwendo wa gari husema mapema kuliko indiketa. Kwangu hii ndiyo sehemu iliyostahili ada yote.

Kanuni yenyewe ni fupi: aliye ndani ya mzunguko ana haki ya kupita, anayeingia anampisha. Kwa tunaoendesha kushoto, unampisha anayetokea kulia. Nilipenda kwamba alinipa na sababu. Uingereza waliiweka kanuni hii mwaka 1966, maana anayeingia akijipenyeza mbele ya waliomo, waliomo hawawezi kutoka, na mzunguko mzima unaganda. Tangu nielewe hivyo, kumpisha mtu hakuniumi hata kidogo. Anayelazimisha kuingia anajizibia njia yake mwenyewe.

Jambo jingine ambalo sikuwahi kulisikia likifundishwa: usitazame kulia ukamsahau aliye mbele yako. Unaona nafasi, unakanyaga mafuta, kumbe wa mbele ameghairi na bado kasimama. Unamgonga kwa nyuma. Mwalimu alirudia mara nyingi, "Hakikisha ameondoka, ndipo utazame kulia," na alikuwa na haki ya kurudia.

Kwenye indiketa alikuwa mkali, nami namuunga mkono kabisa. Unakwenda kulia, washa ya kulia kabla ya kuingia na ubaki nayo. Ukishapita njia ya kutokea iliyo kabla ya yako, washa ya kushoto. Unakwenda moja kwa moja, unaingia bila indiketa, lakini ya kutokea ni lazima. Asiyeiwasha anamsimamisha bure mtu ambaye angekuwa ameshaingia. Huo ni utovu wa adabu, hata kama hakuna aliyepiga honi.

Sasa pengo. Tulifanya mazoezi saa za utulivu tu, wakati magari ni machache na kila mtu ana subira. Nilipoomba tuje saa ya msongamano nikaambiwa ratiba hairuhusu. Malori nayo hayakuguswa kabisa, wakati trela refu likizunguka, matairi yake ya nyuma hukata kwa ndani kuliko kichwa, na huenda likahitaji njia zote mbili. Dereva mdogo anayejibanza ubavuni mwake yuko hatarini, na hilo lilipaswa kusemwa siku ya kwanza. Waenda kwa miguu walitajwa kwa sentensi moja, ilhali unapotoka kwenye mzunguko ndipo unapoongeza mwendo na ndipo kivuko kilipo.

Kwa mwenye leseni anayeogopa mizunguko, nalipendekeza bila wasiwasi. Kwa anayeanza kabisa, aombe kwa maandishi, kabla ya kulipa, kwamba atapelekwa pia saa ya magari mengi.