Kibali cha ukaazi Tanga nikiwa Mkenya: uzoefu wangu

Mimi ni Mdigo wa Kwale, upande wa Kenya, na ninafundisha hisabati na fizikia katika sekondari moja ya binafsi hapa Tanga. Shangazi yangu ameolewa Duga Maforoni, upande huu wa Tanzania, tangu mimi sijazaliwa. Toka utotoni tunavuka kwenda harusini na matangani, tunalala, tunarudi, na hakuna aliyewahi kuniita mgeni. Nilipomwambia shangazi kwamba nashughulikia kibali cha ukaazi alishika kiuno. "Kibali cha nini, mwanangu? Hapa si kwenu?"

Ni kwetu, sikatai. Lakini ule mstari waliokubaliana Mwingereza na Mjerumani mwaka 1886, kuanzia mdomo wa mto Umba kwenda bara, ndio unaohesabika ofisini mpaka leo. Kwa sheria ya Tanzania mgeni ni yeyote asiye raia, awe ametoka Ujapani au ametoka Vanga, hapo ng'ambo ya mpaka. Naandika haya kwa sababu Wakenya wenzangu wengi wanaokuja kutafuta maisha Tanga wanaingia na fikra ileile ya shangazi, na wanaposhtuka wameshaanza kazi na hawana karatasi hata moja.

Wapo pia wanaosema, "Si kuna Jumuiya ya Afrika Mashariki?" Ipo, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Inatupa haki ya kutafuta kazi nchi jirani na kuifanya, ila haikufuta vibali. Muhuri niliopigiwa mpakani Horohoro ulikuwa wa miezi 3, wa kutembea. Kwa muhuri huo naweza kwenda kuona mapango ya Amboni na kula pweza mpaka nikinai, lakini siruhusiwi kusimama darasani hata kipindi kimoja.

Jambo la kwanza lililonichanganya ni kwamba vibali ni viwili. Kuna kibali cha kazi, kinachotolewa na Kamishna wa Kazi chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira kwa Wageni ya mwaka 2015, halafu kuna kibali cha ukaazi kinachotolewa na Uhamiaji. Vyote vina madaraja ya herufi, na herufi hazilingani. Vya kazi vinaanzia A hadi E. Vya ukaazi ni A kwa wawekezaji na waliojiajiri, B kwa walioajiriwa, na C kwa wengine kama wanafunzi, watafiti, wamisionari na wanaojitolea. Mtu akikwambia "mimi nina B", muulize B ipi. Unaanza na cha kazi. Kikitoka, ndicho unachokibeba kwenda nacho Uhamiaji kuomba ukaazi daraja B.

Kibali cha kazi kwa kiasi kikubwa ni shughuli ya mwajiri. Shule ilitakiwa kueleza kwa nini inamhitaji mgeni na kuonyesha mpango wa kurithisha ujuzi, yaani Mtanzania gani ataandaliwa kuishika kazi hiyo baadaye. Wengine hukasirika wakisikia hivyo. Mimi naona ni haki. Mwalimu kijana niliyepangiwa kufanya naye kazi alisomea hisabati, mwepesi wa kuelewa, na kumuandaa ni sehemu ya kazi ninayoipenda. Kwa upande wangu nilitoa mkataba, wasifu, vyeti, nakala ya pasipoti na picha. Hatua hiyo ilikwenda salama, sina la kusema zaidi.

Matatizo yalinipata kwenye ukaazi, na yote yalianzia juu ya meza ya steshenari.

Maombi siku hizi yanafanyika mtandaoni. Unajaza fomu, unapandisha nyaraka, unapewa kontro namba, yaani namba ya malipo, unalipa benki au kwa simu. Sikuwa na kompyuta, nikaingia steshenari moja mjini. Kijana alikuwa mchangamfu na mwenye haraka. Aliponiuliza barua pepe nikamwambia ninayo ila nenosiri nimelisahau. "Usijali dada, naweka ya hapa." Nikaona amenisaidia. Akaskani vyeti vyangu huku anahudumia watu wengine wawili, akanitolea fomu, nikalipa, nikaondoka nimeridhika kabisa.

Nikakaa kusubiri. Nilikuwa nimepanga chumba Makorora, naandaa maazimio ya kazi ya muhula mzima, naangalia simu asubuhi na jioni. Shule ilikuwa imefunguliwa. Mwalimu wa taaluma akanipigia: "Mwalimu, hebu wasaidie vijana hata kipindi kimoja." Nilikataa, na moyo uliniuma kwa sababu kidato cha nne walikuwa hawana mtu wa fizikia. Nashukuru nilikataa. Ukikutwa unafanya kazi bila kibali, kosa ni lako na la aliyekuajiri pia.

Wiki ya tatu ilipokuwa inaisha, mama mwenye nyumba ndiye aliyenifungua macho. Nilimwamkia "shikamoo mama", akaitikia, kisha akaniuliza, "Hayo majibu yatakuja wapi, mwanangu? Kwenye simu yako au kwa huyo kijana?" Nilivaa viatu nikaenda.

Kijana alifungua ile barua pepe ya duka. Kikasha kilikuwa kimejaa: maombi ya mikopo ya wanafunzi, TIN za watu wa bodaboda, vyeti vya kuzaliwa, matangazo ya kila aina. Tukateremka, tukateremka, na katikati ya hayo yote ujumbe wangu ulikuwepo, haujafunguliwa, una siku 18. Mistari miwili tu. Cheti kimoja hakisomeki chote, na jina langu la kwanza halilingani kwenye nyaraka.

Cheti kilikuwa kimekatwa chini wakati wa kuskani, pale penye muhuri na saini. Hilo lilikuwa jepesi. Jina ndilo lililonitoa jasho. Pasipoti yangu ina herufi "e" mahali ambapo cheti cha KCSE, cha kumaliza sekondari kule Kenya, kina "i". Kwetu majina haya tunayatamka vyovyote na hakuna anayegombana. Karani wa shule aliandika alivyosikia, na karani wa pasipoti naye aliandika alivyosikia. Miaka yote nimeishi na majina mawili bila kujua. Afisa aliyekagua hanijui, mbele yake yupo mtu mmoja mwenye pasipoti na mtu mwingine mwenye cheti. Ana haki ya kuuliza.

Nilikwenda kwa wakili, nikaapa hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni yangu, nikalipa shilingi 20,000. Nikafufua barua pepe yangu mwenyewe, na ofisini wakanielekeza namna ya kuhamishia mawasiliano huko. Vyeti niliskani upya nikiwa nimesimama pembeni ya mashine, nikikagua kila ukurasa pembe zote nne kabla haujapandishwa. Kijana wa steshenari hakuwa mbaya, na aliniomba radhi kwa dhati. Ila maisha yangu yalikuwa kwenye kikasha chake, na yeye alikuwa na mia ya watu wengine.

Katika siku hizo za wasiwasi alinijia kishoka, dalali asiye rasmi. Sijui alipata wapi namba yangu. Alitaka shilingi 150,000 na pasipoti yangu halisi ili "alisukume faili". Pesa ningeweza kuitafuta. Pasipoti nikajiuliza, nikimkabidhi mtu nisiyemjua hata anapolala, nikisimamishwa stendi ya Kange nitaonyesha nini? Nikamwambia hapana, akanitukana, akakata simu. Kama uko kwenye hali hiyo sasa na umechoka kusubiri, tafadhali usimpe mtu pasipoti yako. Nenda dirishani mwenyewe na namba ya ombi lako, uliza kwa adabu, utajibiwa.

Baada ya marekebisho kibali kilitoka. Kimeandikwa jina langu kwa "e", namba ya pasipoti, mwajiri na kazi, na kinakwisha pamoja na kile cha kazi, miaka 2. Kimefungamana na shule hiyo na kazi hiyo. Kesho nikipata shule nyingine hapahapa Tanga, kibali hiki hakinifuati, tunaanza upya. Hili wengi hawalijui, wanahama kazi wakidhani kibali ni cha mtu.

Huduma ya mtandaoni naipa alama nzuri. Sikulazimika kwenda Dar es Salaam, malipo yana risiti, na kasoro waliyoiona waliiandika wazi. Siku zangu 18 zilipotea kwa sababu nilimwachia mtu mwingine mlango wa kuingilia kwenye ombi langu. Fungua barua pepe yako kabla ya jambo lolote, weka nenosiri unalolikumbuka. Kisha tandaza nyaraka zako zote mezani usome jina lako herufi kwa herufi: pasipoti, cheti cha kuzaliwa, vya shule, vya chuo, mkataba. Ukikuta tofauti, shughulikia kiapo ukiwa bado kwenu.

Sikukuu ya Idi nilivuka kwenda Kwale. Kurudi, pale Horohoro, afisa alikitazama kibali, akaniuliza nafundisha nini. Nikamwambia fizikia. Akasema mwanawe yuko kidato cha tatu na fizikia inamsumbua, tukaongea kidogo kuhusu mwanga na lenzi mpaka foleni ikaanza kunung'unika nyuma yangu. Nikapitia Duga Maforoni kumwonyesha shangazi. Alikigeuza mbele na nyuma, akanirudishia. "Haya. Sasa ingia ule."