Ruta mpya nyumbani: uzoefu wangu baada ya miezi minne

Ningeandika siku ya kwanza, ruta hii, kifaa cha kugawa intaneti nyumbani, ingepata nyota moja na ningeirudisha dukani usiku uleule. Boksi lilisema itakuwa tayari kwa dakika tano. Mimi ilinichukua siku tatu, na karibu muda wote huo nilikuwa naisingizia makosa yasiyo yake.

Nyumbani tuna kompyuta ya mezani, laptopu mbili, printa, televisheni na simu nne. Vyote vilikuwa vinategemea kile kikasha tulichopewa na kampuni ya intaneti, kilichowekwa pembeni kabisa sebuleni. Chumba cha mwisho, ninapofanyia kazi, waifai ilikuwa inafika ikiwa hoi. Ndipo nikanunua hii, ya antena nne, nikijua nguvu ya antena ndiyo niliyokosa.

Kuchomeka ni rahisi. Waya unatoka kwenye kikasha na kuingia kwenye tundu la WAN, yaani la kupokelea intaneti kutoka nje, lile lenye rangi tofauti na mengine. Kisha ikaja programu ya simu, ikataka baruapepe na usajili kabla ya kunionyesha chochote. Hapo naikata alama bila huruma: kifaa nimelipia, kipo mezani kwangu, halafu nipige hodi kwa mtengenezaji ndipo nikifungue! Siku ya pili niligundua kwamba ukiandika kwenye kivinjari ile anwani iliyobandikwa chini ya ruta, unaingia kwenye mipangilio moja kwa moja, bila usajili wa mtu yeyote.

Simu ziliiona waifai mpya, zikaunganika vizuri, ila intaneti hamna. Taa nyekundu. Nikazima na kuwasha. Nikaingiza pini kwenye kile kitundu cha nyuma na kuirudisha kwenye hali ya kiwandani, si mara moja, mara tatu. Taa ikabaki nyekundu, na mimi nikazidi kuwa mwekundu kuliko taa.

Jibu lilikuwa kwenye anwani, yaani namba inayotambulisha kila kifaa kwenye mtandao. Ruta mpya ilikuwa inajiita 192.168.1.1. Nikachomoa waya, nikaunganisha laptopu kwenye kikasha cha zamani, nacho kinajiita 192.168.1.1. Fahali wawili, zizi moja. Miaka yote nilikuwa nakiita modemu, yaani kifaa cha kuleta intaneti ndani tu, kumbe ndani yake mna ruta kamili yenye waifai yake na inayogawa hizo namba, anwani za IP, kwa kila kifaa. Kwa hiyo ruta mpya ikitaka kutoka nje kupitia 192.168.1.1, inajikuta inajitafuta yenyewe. Nikaibadilisha iwe 192.168.10.1, nikaiwasha upya, na taa ikageuka kijani. Kitabu cha maelekezo hakina hata mstari mmoja juu ya jambo hili, ilhali vikasha vya namna hii vimejaa majumbani.

Kijani hakikudumu kunifurahisha. Printa ilikuwa imebaki kwenye waifai ya zamani, laptopu ziko kwenye mpya, na hazikuonana tena. Ukiwa na ruta mbili zinazofuatana unakuwa na mitandao miwili, na kifaa cha huku hakitangaziwi kule. Kuna njia mbili za kutoka hapo: kuifanya ruta mpya iwe kituo cha waifai tu na kumwachia mkubwa wa zamani ugawaji wa anwani, au kukifanya kikasha kiwe daraja tu la kupitisha intaneti, mambo yote yashikwe na ruta mpya. Nilichagua ya pili, kwa sababu sikununua ruta ije kuwa mtumishi. Ilibidi niwapigie simu kampuni ya intaneti wanipe jina la mtumiaji na nywila ya laini, maana kuanzia hapo ruta yangu ndiyo inayojitambulisha kwao. Waliponipa, kazi ilikuwa ya dakika kumi.

Printa yenyewe ilinipa shida ya mwisho. Inajua masafa ya GHz 2.4 peke yake, na ruta ilikuwa imeunganisha 2.4 na 5 chini ya jina moja. Nikatenganisha majina, printa ikaingia. Sijayaunganisha tena. Vitu vya karibu vinakaa kwenye 5, ambayo ni ya kasi lakini inachoka mbele ya ukuta. Vya mbali vinakaa 2.4. Kwenye 2.4 niliweka chaneli (njia ndani ya masafa) 11 kwa mkono, maana waifai za majirani zilikuwa zimerundikana kwenye 6.

Kisha ikabaki kompyuta ya mezani. Kifurushi chetu ni megabiti 200 kwa sekunde, lakini kompyuta hiyo, yenye waya, haikuvuka 94. Simu iliyolala pembeni yake, bila waya, ilikuwa inapata karibu zote. Ukiona 94 au 95 inajirudia hivyo, usihangaike na mipangilio, angalia waya. Nikaishika plagi ya waya nikaiangalia kwenye mwanga: nyuzi nne tu ndani, badala ya nane. Nyuzi nne zinatosha megabiti 100 na si zaidi. Nikaweka waya mwingine, kasi ikapanda papo hapo.

Na zile antena nne? Nilipoiweka ruta nyuma ya televisheni, chumba cha mwisho kilibaki hoi kama zamani. Nilivuta waya mrefu nikaipandisha juu ya kabati la koridoni, katikati ya nyumba, na tangu hapo mikutano ya video haikatiki. Nina mashaka kwamba hata ile waifai ya kikasha ingefika kama ningekihamisha. Sikujaribu, na sasa sitaki kujua.

Usalama niliumaliza haraka: nywila ya kuingilia mipangilio nilibadilisha, WPS (njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika nywila) nikaizima, na wageni wana waifai yao isiyoona printa wala kompyuta. Ruta ina WPA3, ulinzi mpya wa waifai uliofuata WPA2, ila printa haiielewi, kwa hiyo nimeiacha kwenye mchanganyiko wa WPA2 na WPA3.

Kwa miezi minne imejizima mara moja tu, tena ni mimi niliyekanyaga waya wa umeme. Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa ajili ya ile programu, ambayo nimeshaifuta.