Kikapu cha Mboga cha Bustani ya Jamii, Kisauni: Kinachouzwa ni Nini Hasa

Kati ya njia zote za kupata mboga Mombasa, kuanzia kwa mama mboga wa kila kichochoro hadi maduka makubwa ya Nyali, kikapu cha kila wiki kinachouzwa na kikundi kimoja cha bustani ya jamii upande wa Kisauni ndicho ambacho ningemshauri mtu akijaribu, mradi ajue mapema anachokinunua. Hanunui wingi wala urahisi. Ananunua ahadi ya viongozi wa kikundi hicho kwamba kila jani lililomo limetoka katika bustani yao au katika mashamba madogo ya wanachama wao, kuanzia hapo Kisauni hadi pande za Mtwapa, na kwamba halikupitia soko la Kongowea wala gari la mboga kutoka bara. Kwa jinsi nilivyoiona ikitekelezwa, ahadi hiyo ni ya kweli, na humo ndimo unamotoka uzuri wa huduma hii pamoja na sehemu kubwa ya kasoro zake.

Kikapu kikubwa huuzwa shilingi 600 na kidogo shilingi 350, nacho ni kikapu cha ukili ambacho mteja hukiwekea amana na kukirudisha wiki inayofuata. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini mwezi Agosti 2017, wauzaji wengi wamehamia mifuko laini inayochanika kabla ya mtu kufika nyumbani. Hawa hufunga majani mabichi kwa jani la mgomba, na yakifika mapema hufika bado yana umande. Ndani mna mchicha, mnavu, majani ya kunde, matembele, mabamia, biringanya, pilipili mbuzi, ndimu chache na kisamvu. Karoti, kabichi na viazi mbatata hamna, wala hazitakuwamo, kwa kuwa hivyo ni vyakula vya nyanda za juu na viongozi hawana haya ya kusema hivyo.

Kisamvu kinastahili kuelezwa peke yake. Huletwa kikiwa kimekwisha kutwangwa kwenye kinu, pamoja na karatasi ndogo inayomkumbusha mnunuzi akichemshe sana na bila kukifunika, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu ambayo hupungua kwa kutwangwa na kuchemshwa vizuri. Nilipokipika kwa tui na mbaazi kilitoa ladha ambayo kisamvu cha kuganda kwenye jokofu la dukani hakijawahi kunipa. Mtwangaji, hata hivyo, hafanani na mwenzake: wiki nyingine kisamvu huwa laini kama kilichopita kwenye chekeche, na wiki nyingine mpishi analazimika kuketi na sinia mapajani akiokota vikonyo vigumu ambavyo havikupaswa kuingia kwenye kinu. Katika masika huja pia mchunga, mboga chungu ambayo jamaa zetu Wamijikenda wanaijua kuliko sisi wa kisiwani, na karatasi ya kikapu hueleza kwamba uchemshwe, maji ya kwanza yamwagwe, kisha uchanganywe na mnavu au kunde ndipo utiwe tui zito. Maelezo hayo yameandikwa na mtu anayepika, wala si na mtu aliyenakili.

Jambo lililonifanya niwaamini viongozi hawa ni mzozo wa nyanya. Nyanya ni taabu katika ardhi na joto la Mombasa. Zikiponea ugonjwa wa mnyauko hukutana na kiwavi mdogo anayetoboa majani na matunda, na kikundi kimekwisha kupoteza matuta mengi kwa njia hiyo. Wateja, nami nikiwa miongoni mwao, tuliuliza katika mkutano wa wanachama kwa nini nyanya na vitunguu visinunuliwe Kongowea na kutiwa kikapuni, maana soko liko karibu na kila mtu atahitaji nyanya jioni hiyohiyo. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi ambaye wote wanamwita Mwalimu, alimjibu aliyeuliza kwa upole: “Nyanya za Kongowea wazijua zauzwa wapi, mwanangu. Nikikutilia mimi, utakuwa wanilipa nauli.” Watu walicheka, lakini suala lilipigiwa kura na pendekezo likaanguka. Ningali naona kwamba kitunguu kimoja kisingemdhuru mtu, ila nakiri kuwa siku watakapoanza kuchanganya hakutakuwa na sababu ya kulipa bei yao, kwani Kongowea ni miongoni mwa masoko makubwa kabisa ya Afrika Mashariki na hakuna kikundi cha mtaa kitakachoshindana nalo kwa bei.

Mteja yeyote anaruhusiwa kuzuru bustani asubuhi ya Jumamosi, na ningemhimiza azuru kabla ya kulipa. Ardhi ya huku imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na chokaa iliyomo huifanya mimea ikose madini ya chuma hata kama yamo udongoni. Majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Katibu wa kikundi, kijana aliyesomea kilimo, hupita na wageni tuta kwa tuta akionyesha dalili hizo waziwazi badala ya kuzificha nyuma ya matuta yaliyonawiri, kisha anaeleza kwa nini wanategemea mboji na samadi ya mbuzi kuliko mbolea ya dukani. Mchicha na spinachi hustahimili ardhi hiyo na hata chumvi kidogo ya maji ya kisima, ilhali maharagwe hayastahimili, na ndiyo maana kikapu hakina maharagwe mateke.

Maji ndiyo gharama inayowanyima usingizi. Mji huu hunyweshwa kutoka mbali, sehemu kutoka chemchemi za Mzima katika hifadhi ya Tsavo Magharibi, umbali wa zaidi ya kilomita 200, na sehemu kutoka visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, na kila mkaazi anajua kwamba mfereji wa nyumbani hutoa maji unapotaka wenyewe. Bustani hii huvuna maji ya mvua kutoka paa la madrasa ya jirani na kuyahifadhi kwenye matangi, na yakiisha hununua mitungi ya lita 20 ya mkokoteni, ambayo bei yake hupanda jua linapokuwa kali. Niliuliza moja kwa moja kama wamewahi kumwagilia maji ya mtaro, swali ambalo mlaji wa mboga za mjini ana haki ya kuliuliza popote. Nilipewa daftari la maji ambamo kila mtungi ulionunuliwa umeandikwa pamoja na saini ya aliyeupokea.

Mafunzo yao ya bustani ya gunia, ambayo mteja wa kikapu huyapata bila malipo, ni mazuri kupita nilivyotazamia. Mwanafunzi hutengeneza gunia lake mwenyewe: mawe katikati kwa ajili ya kupitisha maji, udongo uliochanganywa na mboji pembeni, matundu ubavuni ya kupandia miche. Huonyeshwa pia dawa ya majani ya mwarobaini yaliyochemshwa na kuchanganywa na sabuni kidogo, ambayo hupunguza vidukari ingawa haiwamalizi, na mkufunzi anasema hivyo bila kuipamba. Mwalimu hupenda kuwataja wageni habari za machimbo ya Bamburi, ambako mwaka 1971 René Haller kutoka Uswisi alianza kupanda miti kwenye mawe matupu yaliyoachwa na kiwanda cha saruji. Mivinje ndiyo iliyoshika vizuri, na majongoo waliotiwa humo walikula majani yake makavu yaliyoanguka na kuyageuza kuwa udongo. Anapofika hapo hufukua rundo la mboji na kumwonyesha kila mtu majongoo wake mwenyewe, weusi na wanene, na watoto hukimbia. Kwa mtu anayeishi ghorofani Majengo au Tudor, somo hilo na gunia moja kwenye roshani vina faida kuliko vikapu vya mwezi mzima.

Msomaji anaweza kujiuliza kwa nini bustani yenye sifa hizi haina hata mnazi mmoja wala mwembe. Jibu liko katika historia ya ardhi yetu. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwaacha watu wengi wa ukanda huu wakiishi kwenye ardhi iliyoandikishwa kwa majina ya wengine, na hadi leo Mombasa kuna nyumba nyingi ambazo mwenye nyumba si mwenye kiwanja. Katika desturi za pwani mtu anaweza pia kumiliki mti uliosimama kwenye ardhi isiyo yake, hivyo anayepanda mnazi anaonekana kama anayeweka dai. Kiwanja cha bustani ni cha familia moja ya hapo mtaani iliyokiazima kwa mkataba wa maandishi, na viongozi waliahidi kupanda mazao ya muda mfupi tu. Nazi na maembe huletwa na wanachama wenye mashamba yao. Wapo vijana katika kikundi wanaoona sharti hilo ni la woga. Mimi naona ndilo lililowaweka hapo walipo, kwa sababu nimekwisha kuona miradi mizuri ya jirani ikifukuzwa viwanjani kwa ugomvi wa mwembe mmoja.

Hesabu za kikundi hubandikwa kwenye ubao ulio karibu na lango, zikiandikwa kwa mkono na mweka hazina, ambaye kazi yake ya kila siku ni kushona nguo: mapato ya vikapu, gharama ya maji, ujira wa wakulima wawili walioajiriwa, nauli ya bodaboda, na kilichobaki. Wajumbe wa kamati hawana mshahara. Kimeandikishwa kama kikundi cha jamii chini ya sheria ya mwaka 2022, na haki ya mwanachama kukagua daftari haikuishia kwenye katiba yao tu, kwa maana mweka hazina hulitoa bila kununa. Nimewahi kununua kwa mashirika yenye ofisi za kioo ambayo hayakunipa hata risiti.

Kasoro sasa. Uwasilishaji kwa upande wa kisiwani ni mbovu. Bodaboda mmoja huzunguka Nyali kwanza, kisha avuke daraja, na msongamano ukiwa mkubwa mteja wa Makadara au Mji wa Kale hupokea kikapu baada ya adhuhuri, wakati matembele yamelala na mchicha hautamaniki tena. Nilipolalamika nilirudishiwa nusu ya fedha upesi, jambo la kushukuriwa, lakini safari iliyofuata ilikuwa vilevile. Taarifa zote hupitia kundi la WhatsApp ambamo tangazo la kubadilishwa kwa siku ya kuleta kikapu humezwa na dua, salamu na picha za maua. Mama yangu, ambaye ndiye mpishi, hana simu ya aina hiyo na amekwisha kungoja kikapu kisichokuja.

Kasoro nzito zaidi ni kwamba mambo mengi yamo kichwani mwa Mwalimu. Alipougua kwa muda, vikapu vilipungua uzito, karatasi za maelezo zikakoma, na wanachama wawili wakaleta mboga bila mtu wa kuzikagua. Katibu anaijua bustani vizuri kuliko yeyote, lakini wazee wa kamati bado hawajampa ruhusa ya kusema na wenye kiwanja wala na wanachama wa mashambani, na heshima hiyo kwa umri, ambayo kwa mengi ni njema, hapa inakichelewesha kikundi. Ningependa kuona kwenye ubao ule jina la naibu mwenye mamlaka yanayojulikana.

Kuhusu bei, jirani wa bustani yenyewe hawezi kumudu shilingi 600 kwa wiki, na viongozi wanalijua hilo. Kila alasiri huweka meza langoni na kuuza mafungu ya shilingi 20 kwa wakaazi wa mtaa, kutoka matuta yaleyale, na mwenye kikapu hapewi majani bora kuliko mwenye fungu. Kwa maneno mengine, sehemu ya fedha ya kikapu ndiyo inayoibeba meza hiyo, na anayeona hilo ni dhuluma anafaa kununua kwingine.

Anayetaka kujiunga asianze mwezi wa Januari wala Februari, kaskazi inapovuma na ardhi imekauka, kwa kuwa kikapu huwa chembamba na atakata tamaa bure. Aanze Mei au Juni, masika ikiwa imekwisha kuishibisha bustani, au mwishoni mwa vuli. Anayehitaji mihogo, viazi vitamu na ndizi za futari aandikishe jina mapema sana kabla ya Ramadhani, maana wateja wa zamani hutangulizwa na vikapu huisha. Aliye upande wa kisiwani, na ana namna ya kuvuka, akichukue kikapu chake mwenyewe langoni asubuhi.