TAHADHARI: Kuna "fundi" anapachika viendelezi vya kivinjari kwenye ofisi za utalii Arusha

Wadau wa utalii, hasa wenye ofisi ndogo kuanzia Mnara wa Saa hadi Sakina: kuna kijana anazunguka na flashi mfukoni. Anajiita mtaalamu wa kuboresha kompyuta, ana maneno matamu, na anauza kiendelezi cha Chrome, yaani programu ndogo inayoongezwa ndani ya kivinjari, kwa elfu ishirini. Anaahidi matangazo yatakatika na barua pepe za wageni za Kijerumani na Kifaransa zitajitafsiri zenyewe. Tafsiri inafanya kazi kweli, ndiyo maana ofisi zinampigia debe zenyewe kwa zenyewe. Msimruhusu kugusa mashine.

Mimi huhudumia kompyuta za ofisi kadhaa hapa mjini. Moja iliniita baada ya mgeni wao wa Ujerumani kutumiwa ankara ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Lemosho: tarehe zilezile, majina ya wenzake wote, ila akaunti ya benki nyingine. Bahati nzuri alipiga simu kuuliza kabla ya kulipa. Ofisi ikabadili nenosiri la barua pepe jioni hiyohiyo, na bado mgeni mwingine akaletewa ankara ya uongo. Hapo nikaachana na barua pepe, nikafungua chrome://extensions, ukurasa wa Chrome unaoorodhesha viendelezi. Kiendelezi kipo, hakikutoka kwenye duka la Google bali kimepakiwa kutoka folda ya kwenye mashine, hali ya msanidi programu (inayoruhusu kupakia viendelezi visivyo vya dukani) ikiwa imewashwa. Ruhusa yake: kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote.

Ruhusa hiyo msiipite haraka. Ulinzi wa https, ambao Chrome iliuonyesha kwa alama ya kufuli hadi 2023, unalinda data ikiwa njiani tu. Kiendelezi kiko ndani, kama mtu aliyesimama nyuma ya bega lako: pasipoti ya mgeni ukiifungua anaiona, barua anaisoma hata kabla hujaituma, na nenosiri jipya unalichapa mbele yake. Namba ya uthibitisho inayokuja kwa SMS nayo haimzuii, kwa kuwa wewe mwenyewe umeshamfungulia mlango.

Najua wapo watakaosema wao huchukua vya dukani tu. Afadhali, lakini si kinga kamili. The Great Suspender, kiendelezi cha kusimamisha tabo zisizotumika, kilipendwa na watu wengi, kikauzwa kwa mmiliki mwingine mwaka 2020, na Februari 2021 Google ikakiondoa dukani kwa kuwa na programu hasidi. Hata Avast, watu wa antivirusi, walikusanya historia za tovuti walizotembelea wateja wao kupitia viendelezi na kuziuza. Mwaka 2024 mamlaka za Marekani ziliwaagiza walipe dola milioni 16.5. Anayenunua kiendelezi anapata na ruhusa mlizokwisha kutoa, na sasisho linaingia bila kubisha hodi.

Kama kijana huyo alishapita kwako, usianze na nenosiri. Kwanza nakili ile folda kwenye flashi yako, ndiyo ushahidi wa kupeleka polisi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kisha ondoa kiendelezi, na ukiwa kwenye mashine nyingine iliyo safi badili nenosiri na utoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti. Angalia pia mipangilio ya Gmail kama kuna anwani ngeni inayopelekewa nakala za barua; hapo wengi hawafiki. Wageni wenye malipo yanayosubiri wapigieni, msiwaandikie.

Kwa kazi za kila siku, barua pepe na benki zifunguliwe kwenye wasifu wa Chrome (akaunti ya pekee ndani ya kivinjari, yenye mipangilio yake) usio na kiendelezi hata kimoja. Vile unavyovihitaji kweli, viweke vifanye kazi pale unapovibofya tu. Na pasipoti hizo si mali yenu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayezishika azilinde, awe na ofisi ya ghorofa au meza moja ndani ya stationari.

Nasikia kijana huyo sasa ameelekea Moshi. Wenzetu wa Double Road na Kiboriloni, msitafute kiendelezi chake kwa jina moja: ofisi moja kiliitwa msaidizi wa tafsiri, nyingine kizuia matangazo, na folda ndani ilikuwa ileile.