Saa ya Playwright na kiti nambari 14: uzoefu wangu

Abiria wawili walifika kituo cha mabasi cha Mwembe Tayari, Mombasa, wakiwa na tiketi za kiti kimoja, nambari 14, basi la Nairobi la saa nne usiku. Wote walikuwa wamelipa na kila mmoja ana ujumbe wake wa M-Pesa mkononi. Mzee mwenye mabasi akanipigia simu: "Mwanangu, huyu mmoja nimpakate?" Mfumo wa tiketi niliuandika mimi, kwa hivyo sikuwa na wa kumsukumia lawama.

Mfumo wenyewe si mgumu. Ukichagua kiti, unashikiwa kwa dakika 10 ulipie, na kwenye ukurasa kuna saa inayohesabu kurudi nyuma. Dakika zikiisha, seva, yaani kompyuta inayoendesha mfumo, inakiachilia kiti, mwingine anakichukua. Nilikuwa nimelijaribu jambo hili kwa mkono nyumbani Tudor, kikombe cha chai kando, macho kwenye kioo mpaka dakika zote kumi ziishe. Kila mara lilikubali. Lakini ni nani mwenye subira ya kulirudia mara ishirini kwa siku?

Majaribio yangu mengine yote nayafanya kwa Playwright, chombo cha bure cha Microsoft kinachofungua kivinjari (programu ya kusomea tovuti, kama Chrome) na kuujaribu ukurasa chenyewe, tangu nilipoachana na Selenium, chombo kingine cha kazi hiyo hiyo. Kilichonihamisha ni kwamba Playwright inasubiri yenyewe mpaka kitufe kiwe tayari kubonyezwa. Kule nilikotoka nilijaza msimbo wangu "lala sekunde 5" kila mahali, na bado intaneti ikizembea majaribio yanaanguka. Ila ile sehemu ya dakika kumi sikuwa nimeigusa, mpaka kisa hiki kiliponilazimisha kusoma habari za toleo 1.45 la mwaka 2024, lililoleta kipengele cha saa, yaani Clock.

Kazi yake ni kukukabidhi saa ya kivinjari uiendeshe utakavyo. Unaisimika kwanza kwa clock.install kabla ya kufungua ukurasa (nilianza kwa kuufungua ukurasa kwanza, nikapoteza asubuhi nzima), kisha unaweza kuisimamisha, kuiachia iendelee, au kuirusha mbele. Kuna njia mbili za kwenda mbele, na hapo ndipo nilipomkamata mwizi wangu. Ukitumia runFor, kila sekunde inapita na kila kilichopangwa kinatekelezwa kwa zamu. Ukitumia fastForward, saa inaruka kwa mkupuo, na kila kipima muda kilichofikiwa kinalia mara moja tu, sawa na mtu aliyefunga laptopu akaenda kuswali, akarudi akaifungua.

Kwa runFor ya dakika 11, ukurasa uliandika "muda umekwisha", vizuri kabisa. Kwa fastForward ya dakika zizo hizo, ukurasa ukaniambia zimebaki dakika 9 na sekunde 59.

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Msimbo wangu ulikuwa unapunguza moja kila sekunde badala ya kuuliza saa halisi ni ngapi. Abiria akizima kioo cha simu, kivinjari nacho kinasinzia, hesabu inasimama. Akiwasha tena anaona bado ana dakika sita, analipa kwa raha zake, kumbe kiti kimeshauzwa zamani. Marekebisho yalikuwa mistari mitatu, pamoja na kuifanya seva ihakiki kiti kabla ya kuomba malipo.

Nikanogewa. Tiketi zetu huandika saa kwa Kiswahili, kama watu wanavyosema, na nilikuwa nikitoa sita kutoka kwenye saa ya kompyuta, au kumi na nane ikishapita 18, basi. Kwa setFixedTime nikaupitisha ukurasa kwenye saa zote 24, jaribio moja. Saa kumi na mbili asubuhi ilitoka "saa 0 asubuhi". Usiku wa manane ilitoka "saa -6". Hakuna aliyewahi kulalamika, pengine kwa kuwa hakuna aliyekata tiketi saa hizo, au waliona wakadhani ndiyo mambo ya kidijitali.

Jambo jingine lililonitesa: majaribio yaliyofaulu kwangu yalianguka kwenye mashine za GitHub, tovuti ninakoweka msimbo wangu na kuuendeshea majaribio, kwa sababu zile zinafuata UTC, saa ya kimataifa, iliyo saa tatu nyuma yetu. Saa sita na nusu usiku hapa, kule bado ni jana. Weka timezoneId, mpangilio wa saa za eneo, iwe Africa/Nairobi ukalale.

Tahadhari moja kubwa. Saa hii ni ya kivinjari peke yake. Seva haijui kwamba umeruka dakika 11, na hifadhidata haijui pia. Mimi nililazimika kuyanasa majibu ya seva kwa page.route na kuyabandika ya bandia, kisha upande wa seva nikaujaribu kivyake. Nilitarajia maelezo rasmi yangelisema hili kwa sauti ya juu zaidi.

UI Mode ya Playwright, iliyokuja na toleo 1.32 mwaka 2023, naitumia kila siku: inakuonyesha ukurasa ulivyokuwa kabla na baada ya kila hatua. Jaribio likianguka, namtumia mwenzangu wa Kisauni faili la kumbukumbu kwa WhatsApp, analifungua kwenye kivinjari chake bila kusimika chochote. Hapo sina neno.

Neno ninalo kwenye bando. Kila ukipandisha toleo, Playwright inataka vivinjari vyake vipya, Chromium, Firefox na WebKit, mamia ya megabaiti. Siku hizi nasimika Chromium pekee kwenye laptopu, hizo nyingine nawaachia mashine za GitHub. Na hiyo WebKit, ingawa ndiyo injini ya kivinjari cha Safari, si Safari yenyewe ya iPhone, kwa hivyo kabla ya kumpelekea mzee kazi mpya bado naazima simu ya dada yangu.